BENDERA YETU NA MAANA YA RANGI ZAKE



Yapo mambo ambayo mtu huyaona kila siku mpaka akasahau kuyatazama, na bendera ya nchi ni mojawapo. Huipita asubuhi mbele ya ofisi ya serikali, huipita shuleni, na akiulizwa maana yake huona haya kwa kuwa hana jawabu. Miongoni mwa watu hao nilikuwamo mimi niandikaye maneno haya. Sioni vibaya kukiri, kwani mwalimu anayeficha ujinga wake huwarithisha wanafunzi wake.

Sababu ya kuandika ni hii. Siku moja baada ya darasa la alasiri, katika chuo chetu cha Kurani hapa Same, watoto walikuwa wakichora bendera ya Tanzania kwa chaki, maana ni kazi waliyopewa shuleni. Watoto walikuwa kumi na mmoja, na bendera zilikuwa za namna sita. Mmoja aliweka buluu juu, mwingine alilaza mistari kama ya mkeka, na mwingine aliisahau manjano kabisa. Waliponijia niwaamue, nilichukua chaki nikachora bila ya wasiwasi, nami nikaiweka buluu juu, nikawaambia kuwa buluu ni mbingu. Kijana mmoja wa miaka kumi na miwili akanyosha mkono kwa adabu, akasema, "Mwalimu, sisi tumefundishwa kuwa buluu ni maji, nayo iko chini."

Hapo mwenzake mmoja akamkatiza: "Nyamaza wewe Mkaa! Wewe jua rangi yako tu, hiyo nyeusi." Wote wakacheka. Jina hilo la Mkaa walikuwa wamempa kwa ajili ya weusi wa ngozi yake, nami nilikuwa nimelisikia kwa miezi mingi bila ya kulikataza, nikidhani ni mzaha wa watoto. Yule kijana hakulia wala hakugomba. Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza: "Mwalimu, ikiwa nyeusi ni rangi mbaya, kwa nini wameiweka katikati ya bendera?"

Nilimwambia kuwa nitamjibu, lakini jawabu sikuwa nalo. Kesho yake niliamka mapema nikasimama mbali kidogo na ofisi ya serikali, nikaitazama bendera ikipandishwa, tangu chini mpaka ncha ya mlingoti. Kisha nikauliza wazee, nikatafuta na vitabu. Haya ndiyo niliyoyakusanya, nami nimeona si vema niyaweke peke yangu.

BENDERA ZILIZOTANGULIA

Neno "bendera" lenyewe lilitujia kutoka kwa Wareno, waliotamba katika pwani yetu katika karne ya 16 na ya 17. Na neno "mlingoti" ni la wanamaji, maana mlingoti ni ule mti wa chombo unaotwekwa tanga. Kwa hiyo hata sisi wa milimani, kila tusemapo bendera na mlingoti, tunasema maneno yaliyopanda huku kutoka baharini.

Masultani wa Unguja walikuwa na bendera nyekundu tupu, isiyo na alama, na misafara ya biashara iliyotoka pwani kwenda bara ilizoea kuibeba. Njia moja ya misafara hiyo ilianzia Pangani, ikafuata bonde la mto, ikapita chini ya milima ya Upare kuelekea Kilimanjaro. Huenda basi bendera ya kwanza waliyoiona mababu zetu kutoka vileleni ilikuwa ni kitambaa chekundu kikipita nyikani kati ya miiba.

Kisha wakaja Wadachi, ambao serikali yao ilishika utawala wa nchi mwaka 1891. Bendera yao ilikuwa nyeusi, nyeupe na nyekundu. Wao ndio waliojenga reli kutoka Tanga, ikapita hapa Same, ikafika Moshi mwaka 1911. Baada ya vita vya 1914 hadi 1918 walitoka Wadachi wakaingia Waingereza, na nchi ikaitwa Tanganyika. Waingereza waliiwekea Tanganyika bendera nyekundu yenye kichwa cha twiga ndani ya duara. Twiga yule alikuwa mnyama wa nchi yetu, lakini katika pembe ya juu karibu na mlingoti ilikaa bendera ya Uingereza, ili kila atazamaye ajue mwenye nyumba ni nani.

Chini ya utawala huo ndipo palipotokea jambo ambalo kila kijana wa Upare yampasa alijue. Mwaka 1945 maelfu ya Wapare walishuka kutoka milimani wakakusanyika hapa Same kuikataa kodi iliyoitwa mbiru. Kodi hiyo ilitozwa kwa kukadiria mali ya kila mtu, na watu waliona kuwa makadirio hayo hayakuwa na uadilifu. Hawakuja na mikuki. Walikuja na madai yao. Mwaka uliofuata wanawake wa Usangi nao waliinuka kuunga mkono madai hayo, na mwishowe kodi ile ikaondolewa. Mwanahistoria Isaria Kimambo ameyaeleza haya katika vitabu. Nimeyataja kwa sababu bendera ya uhuru haikuanza siku iliposhonwa. Ilianza siku ambapo watu wa kawaida walijiona kuwa wana haki ya kusema.

KIJANI NA NYEUSI ZA TANGANYIKA

Tarehe 7 Julai 1954 chama cha TANU kilianzishwa Dar es Salaam. Bendera yake ilikuwa na mistari mitatu iliyolala: kijani juu, nyeusi katikati, kijani chini. Nchi ilipokuwa karibu kupata uhuru, bendera ya taifa ilitengenezwa kwa kuifuata ile ya chama, lakini ikaongezwa mistari miwili myembamba ya manjano, mmoja juu ya nyeusi na mmoja chini yake.

Usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961, bendera ya Uingereza ilishushwa Dar es Salaam, na hiyo yetu ikapandishwa. Katika kuadhimisha uhuru huo, Luteni Alexander Nyirenda alipanda mpaka kileleni mwa Kilimanjaro, akasimika huko mwenge na bendera. Kilele ambacho Wadachi walikuwa wamekiita kwa jina la mfalme wao kikaitwa Uhuru. Asubuhi isiyo na mawingu, mtu aliyeko katika vilele vya Upare ya kaskazini hukiona kilele hicho kwa macho yake.

BENDERA ZA UNGUJA NA PEMBA

Katika visiwa mambo yalikwenda mbio zaidi. Zanzibar ilipata uhuru tarehe 10 Desemba 1963, na bendera nyekundu ya Sultani ikatiwa duara la kijani lenye karafuu mbili katikati. Bendera hiyo haikudumu hata siku arobaini, maana tarehe 12 Januari 1964 yalitokea Mapinduzi. Kabla mwezi haujaisha, Jamhuri mpya ilikuwa imekwisha kuchagua bendera yenye mistari mitatu iliyolala: buluu juu, nyeusi katikati na kijani chini. Tazameni, ndugu zangu, jinsi nyeusi ilivyokaa katikati huku na huku, bara na visiwani, kabla pande hizi mbili hazijaungana.

Tarehe 26 Aprili 1964 Tanganyika na Zanzibar ziliungana. Bendera ya Muungano ilipatikana tarehe 30 Juni 1964. Bara ilitoa kijani, nyeusi na manjano. Visiwa vikaleta buluu pamoja na nyeusi na kijani yao. Na hapa pana jambo ambalo wengi hawalijui: jina la Tanzania lilitangazwa tarehe 29 Oktoba 1964. Maana yake ni kuwa bendera yetu imelipita jina letu kwa umri wa miezi minne.

Mwaka 2005 Zanzibar iliipokea tena bendera yake yenye buluu, nyeusi na kijani, na katika pembe ya juu karibu na mlingoti imetiwa bendera ndogo ya Muungano. Kwa hiyo msafiri afikaye Unguja asistaajabu akiziona bendera mbili.

NAMNA YA KUICHORA SAWASAWA

Kwa faida ya watoto, na kwa faida ya walimu walio kama mimi, nitaeleza namna bendera ilivyo. Uweke mlingoti upande wako wa kushoto. Chora mstatili ambao urefu wake ukiwa sehemu tatu, kimo chake kiwe sehemu mbili. Kutoka pembe ya chini iliyo karibu na mlingoti, pandisha mstari mpana mweusi wa mshazari mpaka pembe ya juu iliyo mbali na mlingoti. Kila upande wa mstari huo mweusi utie mstari mwembamba wa manjano. Pembetatu inayobaki juu, iliyoshikamana na mlingoti, ni ya kijani. Pembetatu inayobaki chini, upande wa mbali, ni ya buluu. Mwenye kuweka buluu juu, kama nilivyofanya mimi, amegeuza nchi kichwa chini miguu juu.

Wengine watauliza, kwa nini mistari haikulala kama ile ya zamani? Mimi nitasema nionavyo. Mistari ikilala, hapana budi mmoja uwe juu na mwingine uwe chini. Lakini ikienda mshazari, kijani hugusa ukingo wa juu na buluu hugusa ukingo wa chini, na zote mbili huegemea mstari mmoja wa kati. Ndivyo wakaavyo ndugu wawili wanaosikilizana.

MAANA YA RANGI, KWA MACHO YA MTU WA UPARE

Kijani ni ardhi na mimea yake. Mgeni anayepita Same kwa barabara kuu atacheka akiambiwa hivyo, maana huku tambarare huona vumbi, mkonge na miiba, na mvua yetu ni haba. Lakini na apande milimani! Huko ataona migomba, kahawa, na tangawizi ya Mamba. Na juu zaidi ataona msitu wa Chome unaokizunguka kilele cha Shengena. Kijani hiyo haikujiotea yenyewe. Wazee wetu walichimba mifereji kwa jembe la mkono, wakajenga na ndiva za kukusanyia maji usiku ili yagawiwe mchana kwa zamu. Aliyeiba zamu ya mwenzake alionekana mwovu kijiji kizima. Basi kijani ya bendera ni neema, lakini ni amana vile vile. Msitu ukikatwa juu, mfereji hukauka chini.

Manjano, ambayo wengine huiita rangi ya dhahabu, ni madini ya nchi. Hapa wilayani kwetu, Makanya, huchimbwa jasi. Huko Mererani, mwaka 1967, iligunduliwa tanzanite, ambayo hadi leo haijapatikana penginepo duniani. Na kabla ya hayo yote, Washana wa Ugweno walikuwa mafundi wa kuyeyusha na kufua chuma, na majembe yao yaliuzwa hata kwa Wachagga. Angalieni kuwa manjano katika bendera ni mistari miwili myembamba, nayo imelala ubavuni mwa watu. Mimi nimejifunza hapo kuwa mali ni ya kumtumikia binadamu. Siku mali itakapokuwa ndiyo mstari mpana, na watu wakawa ndio uzi mwembamba, bendera hiyo haitakuwa tena ya Tanzania.

Buluu ni maji: bahari ya Hindi, maziwa yetu na mito. Marehemu mama yangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, aliishi milimani umri wake wote wala hakuiona bahari. Je, buluu ilikuwa si yake? Sivyo. Mto Mkomazi hupokea maji ya milima yetu, kisha huingia katika mto Pangani, na Pangani humwaga maji yake baharini. Maji aliyofulia mama yangu nguo katika kijito cha kijijini yalikuwa njiani kuelekea Pangani, ambako mvuvi asiyemjua alitweka tanga juu yake.

JAWABU LA MTOTO

Sasa imebaki nyeusi. Nyeusi ni watu wa Tanzania.

Nilipolijua hilo niliona haya kubwa. Sisi tunaosoma Kurani tunajua kuwa Mwenyezi Mungu amezitaja tafauti za lugha zetu na rangi zetu kuwa ni katika ishara zake. Katika Suratul Faatir imetajwa hata milima kwa rangi zake, nyeupe na nyekundu na nyeusi, kisha wakatajwa watu kuwa nao wana rangi mbalimbali. Tunajua pia kisa cha Abu Dharr, sahaba mtukufu, ambaye siku moja katika hasira alimwaibisha mtu kwa mama yake mweusi. Bwana Mtume (S.A.W.) alimkemea, akamwonyesha kuwa ndani yake kungali na masalia ya ujahili. Na siku Makka ilipofunguliwa, aliyeadhini juu ya Al-Kaaba alikuwa Bilal, mwana wa mama wa Kihabeshi. Haya yote niliyafundisha kwa miaka mingi. Lakini ujahili wenyewe ulipoingia katika chuo changu ukiwa umevaa nguo za mzaha, sikuutambua.

Wala mtu asifahamu kuwa nyeusi ya bendera ni ukuta wa kuwazuia wengine. Mwezi wa Oktoba 1961, Bunge lilipojadili sheria ya uraia, walikuwapo waliotaka uraia upimwe kwa rangi ya ngozi, na Mwalimu Nyerere akalikataa jambo hilo kata kata. Nyeusi iliwekwa katikati kuondoa aibu iliyokuwa imebandikwa juu ya watu wa nchi hii, wala haikuwekwa ili kuwabandika wengine aibu hiyo hiyo.

Basi nikawakusanya watoto wote kumi na mmoja. Nikawaeleza khabari hizi tangu mwanzo. Kisha nikamwambia yule kijana mbele ya wenzake: "Mwanangu, uliuliza kwa nini nyeusi imewekwa katikati. Imewekwa katikati kwa sababu ni sisi. Ukiiondoa, kijani haina mlimaji, manjano haina mchimbaji, na buluu haina mvuvi. Nami nakuomba radhi, kwa kuwa nililisikia jina walilokupa nikanyamaza." Wale watoto waliinamisha vichwa. Yule aliyekuwa akimwita Mkaa alikwenda akampa mkono. Tangu siku ile huitwa kwa jina alilopewa na wazazi wake siku ya akika yake, na mwenye kusahau hukumbushwa na wenziwe kabla sijasema mimi.

JE, KUSIMAMIA BENDERA NI KUIABUDU?

Mzazi mmoja aliyesikia darasa hili alinijia na wasiwasi. Aliuliza: mtoto wa Kiislamu akisimama wima shuleni bendera inapopandishwa, je, hakukiabudu kitambaa? Mimi si mufti, na mwenye shaka na awaulize masheikh. Lakini nilimkumbusha khabari ya vita vya Muta, mwaka wa 8 wa Hijra. Bendera ya Waislamu aliishika Zaid bin Haritha mpaka akauawa. Akaipokea Jaafar bin Abi Talib mpaka akauawa. Akaipokea Abdallah bin Rawaha naye akauawa. Kisha akaishika Khalid bin Walid, akalinusuru jeshi. Hakuna hata mmoja kati yao aliyekiabudu kitambaa. Waliishika kwa sababu watu hukusanyika penye bendera, na ikianguka hutawanyika. Heshima ni kitu kimoja, na ibada ni kitu kingine. Ibada ni ya Mwenyezi Mungu peke yake.

Heshima hiyo ina adabu zake. Bendera haiburutwi chini wala haifanywi kitambaa cha kufutia. Ikichakaa hubadilishwa, maana bendera iliyoraruka ni kama mtu anayewakaribisha wageni kwa kanzu yenye matobo. Na nchi inapofiwa, hushushwa nusu mlingoti. Alipofariki Rais mstaafu, Mzee Ali Hassan Mwinyi, tarehe 29 Februari 2024, tuliiona ikipepea katikati ya mlingoti, na mtu hakuhitaji kusoma gazeti ili ajue kuwa nchi ina msiba.

NASAHA

Enyi wazazi, jioni moja kaeni na watoto wenu, muwape karatasi na rangi, muwaambie wachore bendera ya nchi yao. Wakikosea, wasahihisheni kwa upole. Na mkikosea ninyi, kubalini kusahihishwa nao. Lakini msiishie katika rangi. Waulizeni: katika nyumba yetu, na katika chuo chetu, yuko nani anayechekwa kwa ngozi yake, au kwa kabila lake, au kwa umaskini wake? Kwani haifai kuipandisha nyeusi juu ya mlingoti kila asubuhi, na mchana kuikanyaga uwanjani pamoja na mtoto wa jirani.

Nanyi vijana, bendera hii mmeirithi, hamkuitolea jasho. Wako waliokaa juani hapa Same mwaka 1945 kabla hamjazaliwa, wala hawakujua kama matunda yake watayala wao au wajukuu wao. Mwenye kurithi shamba hulipalilia. Palilieni na hili.

Wabillahi tawfiq.